Kinu Ambacho Hakikugongwa

Kwenye mazishi ya Daktari Nthenge, kule Kathonzweni, kila mtu alipewa kijitabu chenye picha ya marehemu akiwa amevaa joho. Mimi niliachia shule darasa la nne. Nasoma polepole kwa kidole, kwa hivyo wenzangu walikuwa wameshafika kwenye nyimbo wakati mimi bado niko ukurasa wa pili. Hapo ndipo nilipokuta imeandikwa kwamba marehemu alianzisha karakana ya utafiti pale Makindu, ya kwanza upande huu wetu, na kwamba kazi hiyo ilikatizwa na ajali iliyotokana na uzembe wa mfanyakazi mmoja. Jina hawakuandika, na hawakuhitaji. Mama aliyekaa kando yangu alisoma mstari huo, akaangalia mkono wangu wa kushoto wenye vidole vitatu, akaangalia jicho langu lililofumba, halafu akavuta kiti chake kidogo, kama mtu anayekimbia jua. Lakini pale tulipokaa palikuwa na kivuli. Mfanyakazi mmoja ni mimi. Naitwa Kavutha, na kwa vile wao wameandika, na mimi naandika. Majina nitayataja. Wa kwanza ni Nthenge mwenyewe, huyo aliyekuwa kwenye sanduku. Wa pili ni Wangari, aliyepiga chapa ripoti ya ajali ile. Wa tatu ni Musyoka wa kompyuta, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa mstari wa mbele na suti ya kijivu, na siku hizi naye anaitwa Daktari. Huyo wa tatu ndiye anayeniuma zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Mambo ya nilikozaliwa na kwa nani tuyaache. Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja, nauza ndengu soko la Kyuso. Reli mpya ilikuwa inachimbwa kule chini kando ya barabara ya Mombasa, na kila mwenye mgongo mzima alikuwa ameenda kutafuta kibarua. Mimi nilibaki na gorogoro yangu, mkebe wa kupimia. Asiyejua soko letu nimweleze: ndengu haimwagwi tu kwenye mfuko. Muuzaji anajaza gorogoro mpaka ukingoni, mnunuzi anasema, "Gonga." Unaiinua kidogo, unaigonga chini mara tatu, ndengu zinashuka na kushikana, panabaki nafasi juu. Hiyo nafasi unaijaza tena, ni haki ya mnunuzi. Kuna wauzaji wanaogonga kama wanaogopa kuamsha mtoto. Mimi niligonga kweli, na niligonga sawa kila mara, na watu walipita meza za wengine wakaja kwangu. Siku moja akaja kijana mwembamba wa miwani, alikuwa ameandamana na watu wa kuchimba kisima. Alitaka gorogoro tano. Kila nikigonga, kabla sijajaza ile nafasi, anatoa rula mfukoni anapima.

"Unapima nini, kijana? Unadhani nakuibia?"

"Hapana, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. "Naangalia mkono wako."

"Mkono wangu una mwenyewe. Enda ukaangalie wa mamako."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga kunde. Yeye hakucheka. Alisema gorogoro zote tano zimeshuka sawa, tofauti haikuzidi unene wa ukucha. Alisema Makindu kuna kazi ya kujaza unga kwenye kinu, na kila waliyemjaribu anajaza leo hivi, kesho vile, na kompyuta yake haiwezi kufanya kazi na mtu wa leo hivi kesho vile. Huyo ndiye Musyoka. Leo najiuliza ni mtu gani anayetembea na rula mfukoni akichunguza mikono ya watu sokoni, lakini siku ile nilifurahi. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuusifu mkono wangu kwa jambo lisilokuwa kulima.

Karakana ilikuwa godauni la mabati nyuma ya mahali pa kuziba matairi. Ndani palikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha unga, na madirisha yake yalizibwa kwa karatasi ya gundi pande zote, kwa sababu unga ule ulikuwa mwembamba kuliko moshi, unaweza kuuvuta wote kifuani kabla hujauona. Tuliufungua tukiwa tumefunga mdomo na pua. Ulikuwa unga wa chuma, mweusi, na ukiugusa ulikuwa kama haupo. Cha pili kilikuwa cha kinu. Wao walikiita kwa Kiingereza chao, mimi nilikiita kinu kwa sababu ni kinu: pipa fupi la grafaiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, lenye tundu katikati, na michi miwili ya grafaiti hiyo hiyo, mmoja wa juu, mmoja wa chini. Unajaza unga kwenye tundu, jeki inasukuma michi ikutane, na umeme mzito unapita kutoka mchi hadi mchi katikati ya unga. Hakuna kuyeyusha. Dakika chache unga unawaka mwekundu, unashikana, unatoka jino gumu la kuchimbia visima. Na sisi wa Kyuso tunajua miamba yetu inavyokula meno ya mashine, kwa hivyo kazi hiyo niliiona ni ya maana. Chumba cha tatu kilikuwa cha kompyuta ya Musyoka, na hapo ndipo tulipokula.

Mpishi alikuwa Wangari. Yeye ndiye alishika funguo za stoo na kupiga chapa barua za Daktari, na kupika alipika kwa sababu alisema akila vya hoteli anavimba. Watu wake walikuwa wametoka Murang'a zamani, wana duka hapo Makindu. Mimi na yeye tuligombana kila siku juu ya mahindi. "Ninyi Wakamba," alikuwa akisema akiona muthokoi wangu, mahindi yaliyokobolewa maganda, "lazima muyavue mahindi nguo ndiyo muyale?" Namjibu, "Na ninyi githeri yenu mnaila na makoti yake." Tulicheka. Nakumbuka sufuria ile iliyopinda sikio, na harufu ya kitunguu ikichanganyika na joto la kompyuta. Ningemwita rafiki. Sasa nikirudi kwenye kile chumba kwa mawazo, naona kwamba kila mara alipocheka alikuwa anamwangalia Daktari kwanza.

Ni kwa sahani ya muthokoi Musyoka alinifundisha kazi yake. Alizisogeza punje kwa kijiko. "Ona, mwaitu. Umeme unaruka kutoka punje hadi punje pale zinapogusana. Zikigusana vizuri, unapita ndani ya unga na unga unaiva. Zikiwa zimeachana, umeme ni mvivu, utauacha unga upite kwenye ukuta wa kinu. Hapo kinu ndicho kitawaka, na unga ubaki mbichi. Na kinu kilichowaka, huku kinasukumwa kutoka ndani na jeki, kitapasuka." Kwa hivyo yeye alipika kwanza kwenye kompyuta. Aliandika ukubwa wa kinu, nguvu ya jeki, wingi wa umeme, na unga umeshikana kiasi gani, halafu kompyuta inachora kinu kama kimekatwa katikati, na rangi zinapanda: bluu ni baridi, manjano ni sawa, nyekundu ni hatari. Picha ikiwa nzuri, ndiyo tunapika kwa ukweli. Ile nambari ya unga kushikana ilitoka kwangu. Nikishagonga kinu mara tatu, yeye anatumbukiza kijiti kupima unga umeshuka wapi, anapiga hesabu. Ukigongwa, sifuri nukta sita. Usipogongwa, sifuri nukta nne. Hesabu za sokoni zilinifunza kusoma nambari, kwa hivyo hizo mbili nilizishika.

"Sasa mimi niko ndani ya kompyuta?" nilimuuliza.

"Mkono wako uko, mwaitu. Mimi na Daktari hatumo."

Nilijivuna na neno hilo mwaka mzima.

Mambo yalianza kuharibika kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Daktari Nthenge alikuwa mzee wa kanisa, kila tukipika lazima tuombe kwanza, na alikuwa na sauti nene ya kutuliza watu. Lakini nilianza kukuta yeye na Wangari wananong'ona, nikiingia wananyamaza, Wangari anashika mwiko na chungu hakina kitu. Jumamosi tulikuwa tukienda kula gurudwara, hekalu la Wasikh, ambapo msafiri yeyote analishwa bure, watu wanakaa chini kwa mistari. Jumamosi moja Daktari alikaa nyuma yangu na mgeni aliyekuja na viatu vizuri, akasahau kwamba viatu huachwa nje na huku ndani wote ni soksi, hakuna mlio, wote tunasikia. "Kinu kikubwa tulichoagiza ni kile kidogo kilichonenepa," Daktari alimwambia. "Kompyuta imeshathibitisha." Mgeni akauliza, "Mmekijaribu?" Daktari akasema siku hizi mtu hajaribu, anapiga hesabu. Mgeni akatafuna kwa muda mrefu. Mbele yangu alikuwa amekaa Musyoka, chapati mkononi. Masikio yake nilikuwa nayaona. Aliacha kutafuna, na hakugeuka. Mtu asiye na jambo angegeuka.

Kinu kikubwa kilipofika, kilishushwa na wanaume wanne. Nilikizunguka kama unavyozunguka ng'ombe usiyemjua. Nikamwambia Daktari mbele ya wote, na hili nataka lisomwe vizuri: "Daktari, hiki hakigongeki. Nani atakiinua? Unga utakaa umelegea."

"Kwani ni ndengu, Kavutha?"

Wangari akacheka. Nikamwangalia Musyoka. Alisema, "Nitaangalia." Najua aliangalia, kwa sababu kesho yake nilimpelekea chai nikaona picha: ukuta wa kinu mwekundu kama pilipili, na unga wa katikati bluu, haujaona moto. Nikamuuliza, "Hii ndiyo ya kinu kikubwa?" Akafunga kompyuta. "Bado napika, mwaitu." Nilimsikia baadaye akimwomba Daktari meza ya kutikisa, ile inayotetemeka kwa mota, kinu kiwekwe juu yake kabla ya kupika. Daktari alimwambia wageni wanakuja Alhamisi, na meza itanunuliwa kwa pesa za hao wageni, na kama yeye hawezi kuchora picha nzuri yuko kijana mwingine anayeweza. Musyoka alikuwa bado hajamaliza masomo yake, na karatasi yake ya shahada ilikuwa inangoja sahihi ya Nthenge. Hilo nalijua sasa. Wakati ule niliona tu kijana amenyamaza, na nikamhurumia, nikamwekea nyama yangu kwenye sahani yake.

Alhamisi walikuja watu sita na kamera. Kinu kwa kawaida kilizungushiwa ngao ya bati nene. Daktari aliagiza itolewe ili kinu kionekane kwenye picha. Nilijaza unga. Nilipiga ubavu wa kinu kwa ngumi, mara tatu, ilikuwa ni kama kupiga ukuta wa kanisa. Daktari akasema tuombe. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nimefundishwa tangu utotoni kwamba anayefungua macho wakati wa maombi anatafuta laana, lakini siku hiyo niliyafungua, kwa sababu nilisikia kidole kikipiga kibodi. Musyoka, aliyekuwa ameileta kompyuta chumba cha kinu, alikuwa hajafunga macho. Kwenye skrini, pale pa unga, palikuwa na sifuri nukta nne. Akafuta nne, akaandika sita. Rangi zikacheza, nyekundu ikaondoka ukutani, na picha nzima ikawa manjano kama samli. Akainua uso akaniona ninaona. Tuliangaliana hivyo mpaka Daktari alipomaliza, na Musyoka ndiye aliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Wageni walionyeshwa picha ya manjano, wakaitikia kwa vichwa. Kazi yangu siku ya kupika ilikuwa kusukuma mkono wa jeki. Musyoka aliwasha umeme, akasema bila kuniangalia, "Endelea tu, mwaitu." Na mimi niliendelea. Watu wameniuliza kwa nini, wakili mmoja aliniuliza, mchungaji aliniuliza, na mimi mwenyewe najiuliza nikiwa napepeta. Nilidhani mtu aliyesoma akibadilisha nambari ana sababu ambayo mimi siwezi kuielewa. Ndilo kosa langu, na liko hapa limeandikwa, sijalificha. Nilisukuma mpaka ukuta wa kinu ukaanza kuwa mwekundu mahali ambapo hapakupaswa, nikasema, "Musyoka, ukuta," na hapo kikapasuka. Sikusikia mlio. Nilisikia harufu ya nywele, nikajua ni zangu.

Wiki ya tatu nikiwa wodini Wangari alikuja na uji kwenye chupa na karatasi kwenye bahasha. Ripoti ilisema mjazaji hakuugonga unga kama alivyoagizwa, na kwamba hesabu za kompyuta hazikuwa na kosa. Alitaka nipige dole gumba. Nikamwambia, "Wangari, ulikuwepo niliposema hakigongeki. Ulicheka." Akaangalia dirisha. "Mimi nilipiga chapa nilichosomewa, Kavutha." Sikuweka dole. Ripoti ilienda bila dole langu, na uji nilimrudishia. Nilichopoteza si vidole tu. Niliporudi Kyuso na gorogoro yangu habari ilikuwa imenitangulia. Mnunuzi mmoja, mtu mzima, alisema mbele ya meza yangu, "Gonga polepole, usije ukatulipua." Soko likacheka, kama lilivyocheka siku ya rula. Wakaanza kupita meza yangu wakaenda kwa wale wanaogonga kama wanaogopa kuamsha mtoto. Muuza ndengu ambaye mkono wake hauaminiwi hana kazi. Niliuza mbuzi, nikahama, nikawa wa kuchambua na kupepeta ndengu za wengine, nyuma ya stoo, mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Basi turudi Kathonzweni. Jeneza lilikuwa limeshafunikwa udongo na watu wameitwa kula. Nilikuwa kwenye mstari wa chakula, na aliyekuwa anagawa wali ni Wangari, amenenepa, mvi zimemjaa. Tulijuliana hali kwa kichwa tu. Ndipo mtu akashika sahani yangu kutoka nyuma, kwa heshima, akasema, "Mwaitu, wacha nikubebee." Sikuhitaji kugeuka.

Alinikalisha kando. Aliulizia ndengu, akaulizia mvua, akaulizia jicho kama vile ni mtu wa kwetu aliye safarini. Halafu akafika alikokuwa anaenda. Ana maabara sasa, ana meza tatu za kutikisa, zimetoka ng'ambo. Lakini kuna jambo limemshinda. Vinu vyake vinaiva tofauti na picha. Vilivyowahi kuiva sawasawa na picha, kwa miaka yote hii, ni vile vidogo vya Makindu nilivyovijaza mimi. "Mashine inatikisa, mwaitu, lakini wewe unagonga. Kuna kitu mkono wako unafanya ambacho sijaweza kukiandika. Ningependa uje, siku mbili tu, nikupime."

Nilimwangalia. Alikuwa amengoja mzee afukiwe kwanza. Labda alimwogopa, labda alitaka mwenye kosa awe ni yule asiyeweza kujibu. Labda hata rangi hiyo ya majuto usoni aliichora. Nilimwambia, "Ulifuta nne ukaandika sita."

"Nilijua uliona."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Ulichofanya. Kwa Kiswahili, nisome mwenyewe."

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi safi, akaandika juu ya goti. Aliandika kama watu waliosoma wanavyoandika, haraka, bila kufuta. Akanipa. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Aliandika jina lake na cheo chake. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyebadilisha nambari ya unga siku ile, na kwamba Daktari Nthenge alijua. Aliandika kwamba Kavutha alionya mapema. Nilikuwa karibu kukunja. Lakini mimi huwa sikunji kabla sijafika mwisho, na mstari wa mwisho ulisema kinu kilipasuka kwa kuwa unga haukugongwa vya kutosha.

"Haya maneno mawili ni ya nani?"

Akainama kuona. "Vya kutosha? Ni namna ya kusema tu, mwaitu."

"Haukugongwa vya kutosha ni kusema nilikuwepo nikagonga kidogo. Ni mimi tena. Unga haukugongwa, kwa sababu haungegongeka, na nilisema."

"Ni maneno mawili tu."

"Kata."

Alikata. Nikamwambia aweke sahihi hapo hapo alipokata, maana karatasi yenye mkato bila sahihi, kesho mtu atasema nimekata mwenyewe. Akaweka. Nikamwita Wangari, nikamwambia aache wali, aje asome kwa sauti, aandike jina lake chini kama aliyeshuhudia. Alifuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alisoma, watu wawili watatu wa mstari wa chakula wakageuka kusikiliza, na yule mama wa kiti alikuwa mmoja wao. Akaandika jina lake. Niliichukua karatasi, nikaisoma tena yote kutoka juu kwa kidole, nikaikunja, nikaiweka ndani ya nguo.

Musyoka alivua miwani akaipangusa. "Sasa, mwaitu, utakuja siku gani?"

Nikamwambia sijasema nitakuja.